Mjamzito Uingereza: mbona GP hakupimi tumbo?

Wifi yangu alifika Leicester mwezi wa pili kumfuata kaka yangu, ambaye ni muuguzi. Kufika mwezi wa nne alikuwa na ujauzito wa wiki saba. Asubuhi moja akapiga pasi nguo zake, akakifunga kile kijiti cha kupimia mkojo ndani ya mfuko wa nailoni kama ushahidi, akaenda kwa GP, yule daktari wa familia wa mtaani. Nusu saa haikuisha akanipigia simu.

"Wifi, hawa watu wamenifukuza."

"Wamekufukuza vipi?"

"Nimemwambia dada wa mapokezi nina mimba. Kanipa kikaratasi, eti nijaze fomu kwenye simu, mkunga atanitafuta. Daktari hata uso wake sijauona. Mkunga, wifi! Nimeiacha hospitali ya Bombo, Tanga, na madaktari wake, nije Ulaya nizalishwe na mkunga?"

Nilicheka, kisha nikajikuta nakumbuka ya kwangu. Mimba yangu ya kwanza huku nilikaa wiki tatu nasubiri miadi ya daktari, nikiamini bila yeye siwezi kuanza kliniki. Daktari nilipompata alinipongeza, akanipa kikaratasi kile kile. Wiki tatu zilikuwa zimekwenda na maji.

Maneno ya wifi nayasikia kila tunapokutana Waswahili wa huku, iwe arusini, msibani au kwenye foleni ya duka la unga wa sembe. Wapo wanaodhani wametelekezwa, wapo wanaodhani ni ubaguzi, na wapo wanaokaa kimya mpaka tumbo linaonekana ndipo waanze kuuliza. Nijaribu kulifungua fundo hili. Ninayoyasema ni ya England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao, ingawa mifupa ya mfumo inafanana.

GP ni nani, na kituo chake ni cha nani

GP ni daktari wa familia. Si bingwa wa kiungo kimoja. Ndiye unayemwendea kwanza kwa kikohozi, presha, upele, usingizi uliopotea, na ndiye mwenye faili lako la maisha yote. Kituo chake kina madaktari kadhaa, wauguzi, pengine mfamasia, na watu wa mapokezi ambao huku ndio walinda mlango. Kwa Kiingereza cha mtaani kituo hicho huitwa "surgery", neno lile lile la upasuaji. Namjua mzee mmoja aliyekuja kumtembelea mwanawe akaambiwa kesho asubuhi anapelekwa "surgery". Alikesha na tasbihi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba vituo vingi vya GP si mali ya serikali. Ni vya madaktari wenyewe walioungana, wenye mkataba na NHS, ule mfumo wa afya wa taifa ulioanza tarehe 5 Julai 1948. Mchukulie GP kama wakala wa M-Pesa: duka ni lake, kiti ni chake, lakini huduma na masharti ni ya kampuni. Wanatofautiana kwenye malipo. Wakala hula kamisheni kwa kila muamala, ilhali GP sehemu kubwa ya pato lake hupatikana kwa kila kichwa kilichoandikishwa kwake, uwe umekwenda mara 20 kwa mwaka au hukukanyaga kabisa.

Na kama wakala asivyoweza kukupa mkopo wa nyumba hata mkiwa marafiki, GP naye ana mipaka ya mkataba wake. Upande wa uzazi, mkataba unamhusisha na mama kabla ya kujifungua na baada ya kujifungua. Kumzalisha hakumo.

Kujiandikisha kwa GP ni bure kwa kila mtu, na huhitaji kuonyesha pasipoti, viza wala bili ya umeme yenye jina lako. Dada wa mapokezi anaweza kuziomba, lakini kukosa karatasi hizo si sababu ya kukukatalia. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna akina mama wanaoogopa mlango wa GP kwa kudhani nyuma yake kuna afisa uhamiaji.

Mkunga wa huku

Sehemu ya tatizo imo ndani ya Kiswahili chetu. Ukisema "mkunga", mtu wa pwani anamwona bibi wa mtaa wa pili, kanga kiunoni, maji ya moto jikoni, wembe na uzi. Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo, na wifi yangu siku ile alikuwa anatukana kweli kweli.

Mkunga wa Uingereza amesomea shahada, kwa kawaida miaka mitatu, nusu darasani na nusu wodini, na jina lake limo kwenye rejesta ya baraza la wauguzi na wakunga, NMC. Kazi yake inalindwa na sheria tangu Sheria ya Wakunga ya mwaka 1902. Mtu asiyesajiliwa hawezi tu kuamka akajiita mkunga. Anapima presha na mkojo, anachukua damu, anasikiliza moyo wa mtoto, anazalisha, anashona, anamkagua kichanga. Uzazi ukiwa wa kawaida anauanza na kuumaliza bila kuomba ruhusa ya daktari.

Halafu tuwe wakweli. Pale zahanati au kituo cha afya kwetu, aliyekushika mkono saa tisa za usiku ni nani? Ni muuguzi mkunga. Daktari aliitwa mambo yalipoharibika. Huku ni vivyo hivyo, ila wenzetu wameuandika utaratibu huo waziwazi. Mimba isiyo na matatizo huongozwa na mkunga. Ukiwa na kisukari, presha, pacha, upasuaji wa uzazi uliopita au kitu kingine kinachotia shaka, mkunga anakupeleka kwa daktari bingwa wa uzazi wa hospitali. Kwa hiyo madaktari wamo, ila ukimtafuta GP kwa jambo hilo umekosea mlango.

Sasa kinachowachanganya watu zaidi. Mkunga wako wa mtaani mara nyingi anafanyia kliniki yake ndani ya jengo la GP, chumba cha tatu kushoto. Unaingia mlango ule ule, unakaa viti vile vile, unaitwa na skrini ile ile. Ni haki yako kudhani ameajiriwa na GP, kumbe sivyo. Ni kama fundi cherehani aliyeweka mashine yake kwenye baraza la duka la Mangi. Ukitaka suruali ipunguzwe urefu usimuulize Mangi, wala usimlaumu fundi sukari ikiisha. Mkunga ameajiriwa na hospitali. Miadi yake hupangwa na hospitali, simu yake ni ya hospitali, na maandishi yake yanaingia kwenye mfumo wa kompyuta wa hospitali, ambao mara nyingi hausomani vizuri na ule wa GP.

Hili la kompyuta lina uzito kuliko linavyosikika. Ukijiandikisha mwenyewe kwa wakunga kwa kujaza fomu, GP wako anaweza asijue kabisa kwamba una mimba. Ataendelea kukuandikia dawa zile zile. Na mkunga naye anaweza asijue kwamba miaka miwili iliyopita ulitibiwa sonona, au kwamba una pumu, usipomwambia.

Kwa hiyo GP anafanya nini hasa?

Tuanze na dawa. Kama unatumia dawa yoyote ya kudumu, GP ndiye wa kumwambia siku ile ile kipimo kinapoonyesha mistari miwili. Baadhi ya dawa za presha hazifai kwa mimba na hubadilishwa. Dawa ya kifafa iitwayo valproate, ambayo hata kwetu hutumika sana, ina hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni, lakini kuiacha ghafla nako kunaweza kukuua wewe kwa degedege. Usiache, usiendelee kimya kimya. Piga simu.

Kisha kuna foliki. Wanawake wengi wanahitaji mikrogramu 400 kwa siku mpaka wiki ya 12, na vidonge hivyo vinauzwa hata supamaketi kwa bei ndogo. Lakini mwenye kisukari, mwenye sikoseli au anayetumia dawa za kifafa anahitaji miligramu 5, yaani zaidi ya mara 10 ya ile, na hiyo haipatikani bila cheti cha daktari. Hapo GP ni wa lazima.

GP pia anabaki kuwa daktari wako wa yote mengine: maambukizi ya mkojo, kutapika kusikokwisha, pumu iliyoamka, moyo mzito usiojua sababu yake. Mimba haiyafuti magonjwa mengine. Chanjo nyingi unaweza kupata kwake au kwa wakunga, kutegemea eneo: ya mafua msimu wake unapofika, ya kifaduro kuanzia wiki ya 16, na tangu Septemba 2024 ile ya virusi vya RSV kuanzia wiki ya 28. Hiyo ya mwisho inamlinda kichanga asishambuliwe mapafu katika miezi yake ya kwanza.

Kuna na karatasi mbili zenye pesa ndani. Moja inaitwa MATB1. Hutolewa na mkunga au daktari kuanzia wiki ya 20, na bila hiyo mwajiri hakulipi malipo ya likizo ya uzazi. Ya pili ni cheti cha msamaha, ambacho mkunga au GP anakuombea, na kinakufanya upate dawa na huduma za meno za NHS bila kulipa mpaka miezi 12 baada ya tarehe uliyotarajiwa kujifungua. Dawa moja huku ni karibu paundi 10. Piga hesabu mwenyewe.

Kuna mambo ambayo hupaswi kumpelekea GP kabisa. Mtoto akipunguza kucheza, damu ikitoka, maji yakivuja, kichwa kikiuma sana huku macho yanaona vimulimuli na uso umevimba, usianze kuhangaika na foleni ya simu ya saa mbili asubuhi. Kila hospitali ya uzazi ina namba ya dharura ya wajawazito inayopokelewa usiku na mchana. Iandike kwenye simu yako, na ya mumeo pia.

Kwa nini wiki ya 10

Mwongozo wa NICE, taasisi inayoelekeza tiba za NHS, unataka ile ziara ndefu ya kwanza na mkunga ifanyike kabla ya kutimiza wiki 10. Wengi wetu tunaichelewesha. Kwetu mimba haitangazwi mapema, kuna macho ya watu, na nyanya zetu walikuwa na sababu zao. Lakini mkunga si jirani, hatalisambaza.

Sababu moja ya haraka hiyo inatuhusu sisi moja kwa moja. Katika damu ya kwanza wanapima sikoseli na thalasemia, magonjwa ya damu ya kurithi. Afrika Mashariki ina wabebaji wengi wa sikoseli, watu wazima wazima wasiojua kwamba wanaibeba. Mama akionekana ni mbebaji, baba naye huitwa kupimwa. Wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mwenye ugonjwa wenyewe, na wazazi wanapewa nafasi ya kumpima mtoto na kuamua watakavyo kuamua. Jibu hilo linamfaa mtu akiwa wiki ya 9. Wiki ya 19 linakuwa mzigo tu. Wanapima pia virusi vya Ukimwi, homa ya ini ya B na kaswende, kwa ridhaa yako, kama ilivyo kliniki za kwetu.

Kama Kiingereza kinakupa tabu, sema hivyo kwenye fomu. NHS inaleta mkalimani wa Kiswahili, mara nyingi kwa simu, na hulipi. Mume si mkalimani. Kuna maswali mkunga anataka kukuuliza mkiwa wawili tu, kuhusu kupigwa nyumbani, kukeketwa, mimba zilizopita ambazo pengine mume hazijui.

Baada ya hapo, mwenye mimba ya kwanza hupangiwa miadi 10 na wakunga. Aliyekwisha kuzaa hupangiwa 7. Ultrasaundi ni mbili: moja kati ya wiki ya 11 na 14, nyingine karibu na wiki ya 20. Wifi yangu aliona huu ni ubahili. Shoga yake wa Dar es Salaam alikuwa ameshapigwa picha nne, zote kwenye albamu. Lakini picha nyingi si ulinzi mkubwa zaidi. Kuanzia karibu wiki ya 24 mkunga anapima tumbo kwa futi ya kitambaa, kama ya fundi, anaandika sentimita kwenye chati. Mstari ukilala badala ya kupanda ndipo unapelekwa kupigwa picha nyingine. Futi ile ya senti chache imegundua mengi.

Zamani GP alizalisha

Waingereza wazee watakwambia wamezaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga, na GP akaja na baiskeli au gari lake mambo yakiwa magumu. Ni kweli. NHS ilipoanza, uzazi uligawanywa kwa mabwana watatu: hospitali, GP, na halmashauri zilizowaajiri wakunga wa mtaani. GP aliyetaka alijisajili kwenye orodha maalumu ya madaktari wa uzazi na kulipwa ada kwa kila mama. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 karibu mtoto mmoja kati ya watatu alizaliwa nyumbani.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1970 ripoti ya kamati ya Peel ilisema vitanda viwepo vya kutosha ili kila mama ajifungulie hospitali. Uzazi wa nyumbani ukaporomoka mpaka karibu asilimia 1 katika miaka ya 1980. GP akabaki na mikono isiyo na mazoezi, na daktari anayezalisha mara mbili kwa mwaka si daktari unayemtaka. Mwaka 1993 ripoti ya serikali iliyoitwa Changing Childbirth ikasema mwanamke awe katikati ya maamuzi na mkunga awe nguzo yake. Mwaka 2004 ukaja mkataba mpya wa GP, ule wa malipo kwa kichwa niliouelezea, na ada ya kila mama ikafa. Wakunga wakachukua kiti kilichokuwa wazi.

Sioni kwamba ilikuwa hila ya mtu. Lakini kitu kimoja kilipotea, na naona ni haki kukisema. GP wa zamani alimjua mama, mumewe, mama mkwe na nyumba wanayoishi. Mkunga wa leo ni hodari, ila unaweza kukutana na wanne tofauti katika mimba moja, na kila mmoja unamsimulia upya.

Bure kwa nani?

Hapa pana nusu ukweli inayoumiza watu. Kumwona GP ni bure kwa kila aliye England, awe mkazi, mgeni wa wiki mbili au asiye na viza. Watu husikia hilo wakadhani na kujifungua ni hivyo hivyo. Huduma ya wakunga, kumbuka, ni ya hospitali. Kwa mkazi ni bure. Aliyelipa ile ada ya afya ya wahamiaji wakati wa kuomba viza, au aliyesamehewa kama familia za wafanyakazi wa afya, naye halipi. Mkimbizi na anayeomba hifadhi hawalipi. Lakini mama aliyekuja kwa viza ya matembezi anaweza kuletewa bili, na bili hiyo hupigwa kwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida ya NHS. Ni maelfu ya paundi.

Kanuni nyingine iko upande wako. Huduma ya uzazi inahesabiwa kuwa ya lazima papo hapo. Hospitali hairuhusiwi kukukatalia wala kukuchelewesha kwa sababu huna pesa mkononi. Inakuhudumia, inadai baadaye. Deni la paundi 500 au zaidi likikaa miezi miwili bila kulipwa wala mpango wa kulipa linaweza kufika idara ya uhamiaji na kuharibu maombi ya viza ya baadaye. Kwa hiyo ukiletewa bili, usiitupe kabatini. Omba kulipa kidogo kidogo, na kabla ya hapo uliza kama kweli unastahili kulipa, maana bili za makosa zipo. Kukimbia kliniki kwa hofu ya deni ndiyo njia mbaya kuliko zote. Huo ndio msimamo wangu na sitaupunguza.

Arobaini na siku 42

Mtoto amezaliwa. Mkunga anakutembelea nyumbani au unamfuata kituoni, kwa kawaida mpaka siku ya 10 hivi, akiona haja mpaka ya 28. Anakuja pia, kwa wakati wake, mhudumu wa afya anayetembelea majumbani, ambaye kazi yake ni ukuaji wa mtoto. Halafu siku moja mkunga anasema kwaheri, na mama wa Kiswahili aliyezoea kuwa na shangazi wawili na dada wa kazi anabaki na kuta nne.

Kuanzia hapo ni zamu ya GP tena, na hapo ndipo watu wengi wanapodondoka kwenye ufa.

Kati ya wiki ya 6 na ya 8 kuna ukaguzi mbili, na ni mbili kweli. Mmoja ni wa mtoto: macho, moyo, nyonga, na kwa wa kiume kokwa kama zimeshuka. Chanjo zake za kwanza ni wiki ya 8. Wa pili ni wako wewe mama. Tangu Aprili 2020 mkataba wa GP England unavitaka vituo vitoe ukaguzi huo wa mama. Lakini barua ya kukualika unaweza usiione, na mapokezi wanaweza kukupangia wa mtoto peke yake. Tena mtoto haandikishwi kwa GP na hospitali. Namba ya NHS anapewa akizaliwa, ila fomu ya kujiandikisha kituoni ni juu yenu.

Utaratibu huu unagongana na mila yetu kwa namna ya ajabu. Mzazi wa pwani hatoki mpaka arobaini itimie. Sheria ya England inataka mtoto asajiliwe kwa msajili wa vizazi ndani ya siku 42. Ukitoka ndani siku ya 40 una siku mbili, na ofisi yenyewe inataka miadi. Mkiwa mmefunga ndoa, baba anaweza kwenda peke yake. Kama hamjafunga, baba hawezi kujiendea hivi hivi. Mama awepo, au baba aende na tamko la kisheria lililosainiwa na mama. Lipangeni mapema hilo. Halafu arobaini ikiisha tu, simu inayofuata iwe ya GP, kwa sababu wiki ya 6 ndiyo inaanza.

Na arobaini isiwe ya kulala kitandani usiku na mchana. Kuganda kwa damu kwenye mishipa ni kati ya sababu kuu zinazoua wanawake nchini humu wakati wa mimba na wiki sita baada yake. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, ni kupiga 999, namba ya dharura, si uji wa pilipili manga. Kunywa uji, lakini tembea chumbani.

Sababu nyingine ya kuung'ang'ania ukaguzi wako haisemwi kwa sauti. Ripoti za MBRRACE-UK, wanaochunguza kila kifo cha mama, zinaonyesha kwamba baada ya wiki hizo sita mpaka mwaka mmoja, mama kujiua ni kati ya sababu zinazoongoza kuua. Na kwa vifo vya wakati wa mimba na wiki sita za baada yake, wanawake weusi wamekuwa wakifa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya weupe. Kwa miaka kadhaa ya nyuma pengo lilikuwa kubwa zaidi. Kwetu mzazi anayelia kila jioni tunamsema "kachanganyikiwa na uzazi" au tunamtafutia mganga. Dakika 10 za GP zimewekwa kwa ajili ya swali hilo hilo: unalala? unamfurahia mtoto? kuna siku unatamani usingeamka? Halafu yanakuja mengine: mshono, presha, mkojo unaovuja ukicheka, uzazi wa mpango. Daktari akiruka swali, lianzishe wewe. Hatashangaa.

Wifi alijifungua Desemba, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, mikononi mwa mkunga aliyetokea Zimbabwe. Daktari aliingia mara moja, akauliza kama kuna shida, akatoka. Siku ya 43 nilikuwa nimekaa naye sebuleni, mtoto mgongoni kwangu, alipopiga simu kituoni. Akapewa Alhamisi saa nne na nusu, ukaguzi wa mtoto.

"Na wangu?" akauliza.

Kimya. Sauti ya kubofya kompyuta.

"Saa nne na dakika 40," dada wa mapokezi akasema. "Nimekuweka."